Awe wa aina yoyote, mbwa mnene hazeeki vizuri

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni fupi: "Ni aina gani ya mbwa huzeeka na afya njema kuliko wengine?" Najua mtapata majibu mengi ya kusifia mbwa wa mtu mwenyewe. Mimi nina Labrador jike aliyekwisha kuwa bibi kizee, ananikoromea miguuni ninapoandika haya, na bado siwezi kusema mchukue Labrador.

Anayetaka jibu la mkato analo: mbwa mdogo, mwenye pua ndefu, jike. Mwaka 2024 watafiti wa Uingereza walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za mbwa zaidi ya 580,000. Majike wadogo wenye pua ndefu ndio waliopewa umri mrefu, nusu yao wakifikisha miaka 13.3. Madume wa kimo cha kati wenye pua bapa waliambulia miaka 9.1. Na wale wanaoapa kwamba chotara hafi, wajue utafiti huohuo uliwakuta chotara kwenye miaka 12.0 na mbwa wa asili moja kwenye 12.7. Tofauti si kubwa, lakini inatosha kunyamazisha ubishi.

Ajabu ya mbwa ni kwamba ukubwa unawala. Tembo huishi kuliko panya, lakini Great Dane, jitu la mbwa, hatoboi umri wa Chihuahua, mbwa mdogo kabisa. Great Dane huzaliwa na uzito wa nusu kilo hivi, na kabla hajatimiza miaka miwili ameshavuka kilo hamsini. Mwili unaokimbilia ukubwa namna hiyo huchakaa mapema. Mwaka 2007 wanasayansi waligundua kwamba jeni moja, IGF-1, inayohusika na homoni ya ukuaji, ina mchango mkubwa katika udogo wa mbwa wadogo. Kwa hiyo ile hesabu ya mwaka mmoja wa mbwa kuwa saba ya binadamu itupeni. Akiwa na miaka saba Great Dane ni mzee, Chihuahua bado anagombana na kivuli chake.

Hapo ndipo aina ya mbwa inapokuwa na maana kwangu: inanionyesha nianze lini kuwa macho, na niangalie wapi. Cavalier King Charles, sikiliza vali za moyo. Doberman, misuli ya moyo. German Shepherd, nyonga. Dachshund ana mgongo mrefu juu ya miguu mifupi, na diski laini zilizo kati ya pingili za uti wake huanza kuharibika angali kijana. Huyo asiachwe kurukaruka kutoka kitandani eti kwa sababu ni mchangamfu. Wenye pua bapa wanahangaika na pumzi tangu utotoni, na uzee unaongeza tu mzigo. Mbwa wadogo wanaoishi miaka mingi mara nyingi huimaliza wakiwa na vinywa vilivyooza.

Lakini aina huwezi kuibadilisha ukishamleta mbwa nyumbani. Bakuli unaweza. Kuna utafiti mmoja ambao ningependa kila mwenye mbwa aujue, uliochapishwa mwaka 2002. Walichukuliwa Labrador 48, wakagawanywa jozi jozi tangu wakiwa watoto. Mmoja wa kila jozi alipewa chakula pungufu kwa robo kuliko mwenzake, maisha yake yote. Waliopunguziwa waliishi kama miaka 13, waliokula zaidi miaka 11.2. Karibu miaka miwili kwa kupunguza chakula tu! Tena maradhi ya viungo yaliwachelewa. Sijui dawa ya dukani inayotoa hivyo.

Mizani si lazima. Msimamishe mbwa, weka viganja ubavuni pande zote mbili, pitisha vidole bila kukandamiza. Nyoosha mkono wako, kiganja kikitazama chini, papasa mgongo wake: mbavu zake zihisike hivyo. Zikihisika kama kiganja chenyewe, laini, na mpaka ubonyeze ndipo uzipate, amenenepa. Zikichomoza kama vifundo vya ngumi, amekonda mno. Mtazame kutoka juu pia, aonekane na kiuno.

Kwa Labrador kazi hii ni vita. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge waligundua kwamba karibu robo ya Labrador wana kasoro kwenye jeni iitwayo POMC, inayowaongezea njaa. Wangu sijampima, lakini macho anayonitolea mezani yanatosha kuwa cheti. Mtihani mkubwa ni binadamu wengine wa nyumbani. Mama yangu huamini kumnyima mbwa tonge ni ukatili, na mama yako humgombezi. Tulichofanya ni kupima chakula chote cha siku asubuhi kwa kikombe, kikae kwenye kopo lake. Mama akitaka kumpa kitu, achote humo. Mbwa hajui tofauti. Anachofurahia ni kupewa.

Wengine huruka upande wa pili, wakamnyima mbwa mzee nyama kwa hofu ya figo. Kama figo zake hazijapimwa zikaonekana na shida, msimpunguzie protini. Mbwa mzee hupoteza misuli, na misuli ndiyo inayobeba viungo vibovu.

Neno ninalolichukia ni "uzee tu huo." Amesita kupanda ngazi: uzee tu huo. Hataki kuguswa kiunoni: uzee. Mbwa mwenye maumivu ya viungo halii, hupunguza tu mambo. Tazameni kucha za miguu ya nyuma. Zikiwa zimesagika kwa mbele, na akitembea sakafuni unasikia mkwaruzo badala ya mdundo, haiinui miguu sawasawa, na hilo ni jambo la kumwambia daktari wa mifugo. Dawa za maumivu za mbwa zipo. Msimpe za kwenu: ibuprofeni na parasetamoli zimeua mbwa wengi wa watu wenye upendo. Wakati huohuo tandikeni zulia penye sakafu inayoteleza, na mumtembeze kidogo kidogo kila siku, si matembezi marefu ya mwisho wa wiki yanayomlaza siku mbili.

Ukungu wa kibuluu kwenye mboni usiwatishe mara moja. Mara nyingi ni lenzi inayokomaa na haimpofushi, tofauti na mtoto wa jicho, ambaye huwa mweupe. Daktari atawatofautishia kwa tochi. Kinachopaswa kuwatisha ni bakuli la maji linaloisha upesi kuliko zamani: figo, kisukari, homoni zilizovurugika. Jike ambaye hajafungwa kizazi akianza kunywa sana maji na kukataa chakula wiki chache baada ya joto, yaani siku za kutaka dume, msingoje kesho. Huenda kizazi kimejaa usaha, na hiyo ni dharura.

Akili nayo huzeeka. Mbwa anasimama upande wa bawaba za mlango akingoja ufunguliwe, anazunguka usiku na kulala mchana, anakojoa ndani ilhali alifundishwa zamani. Msimchape. Daktari aangalie kwanza kibofu, macho na maumivu, maana vyote hivyo hujifanya usahaulifu.

Kuhusu ratiba, mbwa mkubwa wa aina ya Great Dane mimi ningeanza kumpeleka akapimwe damu na mkojo mara mbili kwa mwaka tangu miaka mitano au sita. Labrador, saba au nane. Chihuahua anaweza kungoja hadi tisa au kumi, isipokuwa meno. Hayo yaanze kusuguliwa angali mtoto, kwa dawa ya meno ya mbwa, kwa sababu za binadamu nyingine zina zailitoli, kitia utamu kisicho sukari, na hiyo ni sumu kwake.