Mawe ya redio yana miaka mingi kuliko redio yenyewe

Ndugu, umeuliza kama kuna kifaa chochote cha umeme cha karne ya 19 ambacho bado tunakitumia. Kipo, tena kiko dukani kwa Mangi: yale mawe (betri) ya redio na tochi, ya bei rahisi.

Mfaransa Georges Leclanché alibuni jiwe la kwanza la aina hiyo mwaka 1866. Lake lilikuwa chupa ya kioo yenye maji ya chumvi ya amonia ndani, zinki upande mmoja na kaboni upande wa pili. Lilitumika kwenye simu za maandishi na kengele za milangoni, ila ukiliinamisha tu, linamwagika. Ndipo Mjerumani Carl Gassner, kwenye miaka ya 1880, akayageuza yale maji kuwa uji mzito wa plasta na kufanya kopo lenyewe liwe la zinki. Likawa jiwe kavu, ukaweza kutembea nalo.

Pasua la leo (si lile la alkalini, aina nyingine ya betri, hilo liache) utakuta mambo yale yale: ganda la zinki, unga mweusi wa manganizi unaochafua vidole, na kile kijiti cha kaboni tulichokuwa tunachorea ukutani tukiwa watoto. Volti 1.5, kama zamani.

Na bibi aliyekuwa anayaanika mawe yake juani ili asikilize taarifa ya habari hakuwa anabahatisha. Joto huchangamsha kemikali zilizochoka, unapata dakika kadhaa za ziada.