Jua la dirishani halimtoshi mtoto mchanga

SWALI: Mwanangu ana miezi minne na ananyonya tu. Tunakaa ghorofa ya tano, Umoja, Nairobi. Kila siku saa moja asubuhi namlaza dirishani aote jua kupitia kioo. Nyanya yake anasema hatapata matege. Ni kweli?

JIBU: Nyanya hajakosea kuhusu jua. Tatizo ni kioo na saa. Ngozi hutengeneza vitamini D, inayozuia matege, kwa miali ya jua isiyoonekana iitwayo UVB, na kioo cha kawaida huizuia karibu yote. Joto linapita, vitamini haipatikani. Hata ukifungua dirisha, saa moja jua liko chini na ozoni, gesi iliyo juu angani, humeza miali hiyo njiani. Tazama kivuli chako: kikikuzidi urefu, ngozi haipati cha maana. Nairobi kivuli huanza kuwa kifupi kuliko mtu karibu saa tatu na nusu, na jua hilo tayari ni kali kwa mtoto wa umri huo.

Kwa hiyo tegemea matone ya vitamini D3: IU (vipimo vya kimataifa) 400, yaani mikrogramu 10, kila siku hadi atimize mwaka. Endelea kumnyonyesha, ila ujue kwamba maziwa ya mama kwa kawaida yana chini ya IU 100 kwa lita. Soma chupa kwa makini sana. Kuna dawa ambayo IU 400 ni tone moja, na nyingine ni mililita nzima. Ukidhani moja ni nyingine, mtoto hupewa mara nyingi zaidi ya kipimo, kalisiamu hupanda kwenye damu, anatapika, anafunga choo, na figo zinaweza kuharibika.

Akifika miezi sita, mtilie kwenye chakula omena waliosagwa pamoja na mifupa. Matege huletwa pia na ukosefu wa kalisiamu, na uji wa mahindi mtupu hauna ya kutosha.

Miguu kupinda kidogo kabla ya miaka miwili mara nyingi ni kawaida. Kinachotutia wasiwasi ni vifundo vya mikono kuwa vinene, vinundu kwenye mbavu, utosi kuchelewa kufunga, au kuchelewa kukaa. Hapo daktari atapima damu na kupiga eksirei ya kifundo cha mkono. Akipata degedege, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.

SWALI: Mtoto wangu wa siku tatu ana macho ya manjano. Jirani anasema jua litamponya. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Mpeleke leo apimwe bilirubini, yaani ile rangi ya manjano iliyo kwenye damu. Mwanga wa buluu ndio huivunja, na jua linao, lakini juani huwezi kupima kipimo, na mtoto anaweza kuungua au kupata baridi akiwa uchi. Taa za hospitali hutoa mwanga huo kwa kiasi kinachojulikana. Bilirubini ikizidi huharibu ubongo, na madhara hayo hayarudi nyuma.