Maswali ya Wasomaji: Kuisoma Riwaya Ngumu kwa Msaada wa Mwongozo

Barua nyingi za safari hii zinahusu jambo moja: riwaya za kimajaribio, na miongozo iliyoandikwa ili kuwasaidia wasomaji wake. Tumechagua tano na kuzijibu kwa urefu usio sawa, kwa kuwa uzito wake pia haulingani.

SWALI: Ndugu mhariri, nilianza kusoma Ulysses ya James Joyce kwa hamu kubwa, lakini nimekwama katika sura ya tatu. Sijui nani anazungumza, sijui kama yanayosimuliwa yanatendeka au yanawazwa tu, na maneno ya lugha nyingine yanaingia bila taarifa. Rafiki yangu amenishauri nitafute mwongozo, lakini nachelea kwamba mwisho wa yote nitakuwa nimesoma mwongozo na si riwaya. Je, inafaa?

JIBU: Inafaa kabisa, wala usione haya. Riwaya hiyo ilichapishwa Paris tarehe 2 Februari 1922, na hata kabla ya hapo, mwaka 1920, Joyce mwenyewe alikuwa amekwisha kumwandalia Carlo Linati, mhakiki wa Italia, jedwali la kuonyesha jinsi kila sura inavyohusiana na utenzi wa kale wa Homer kuhusu safari za Odiseo. Mwaka 1930 Stuart Gilbert alitoa kitabu kizima cha ufafanuzi, kwa msaada wa Joyce, wakati riwaya ikiwa bado imepigwa marufuku Marekani na Uingereza. Kwa sababu hiyo alinukuu vifungu virefu, kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuwa na njia ya kuipata riwaya yenyewe. Kwa hiyo riwaya hii na miongozo yake zimekwenda pamoja tangu mwanzo.

Linalostahili kuulizwa ni wakati gani wa kuufungua mwongozo, na hapa nina msimamo ambao siuachi: soma sura nzima kwanza bila msaada wowote, hata kama unachokielewa ni nusu yake au chini ya hapo, kisha soma maelezo ya mwongozo kuhusu sura hiyo, kisha rudi uisome sura upya. Mwongozo ni wa kusaidia usomaji wa pili. Ukiutanguliza, utasoma riwaya ukiwa unatafuta yale uliyoambiwa yamo, na yale ambayo hukuambiwa yatakupita.

Tuichukue hiyo hiyo sura ya tatu iliyokukwamisha. Stephen Dedalus, kijana anayefundisha shuleni, anatembea peke yake ufukoni Sandymount, mjini Dublin, asubuhi ya tarehe 16 Juni 1904. Anafumba macho na kuendelea kutembea, akiwa anasikiliza viatu vyake vinavyoponda mwani na makombe, huku akijiuliza kama dunia ingali ipo wakati yeye haioni. Baadaye anafumbua macho na kuikuta ipo palepale, na ilikuwapo muda wote. Haya yote msomaji anaweza kuyapata mwenyewe akisoma polepole, na hasa akisoma kwa sauti, maana sentensi nyingi za Joyce hulifungukia sikio kabla ya jicho. Mwongozo utaongeza kwamba yale maneno ya Kiitaliano yanayojitokeza katikati ya fikra zake ni ya mshairi Dante, ambaye kwayo alimtaja mwanafalsafa Aristotle kuwa bwana wa wenye maarifa, na kwamba ni mawazo ya Aristotle kuhusu kuona na rangi ambayo kijana huyu anayajaribu kwa kufumba macho. Ni nyongeza nzuri, nami nisingependa uikose. Lakini aliyeisoma mapema humtafuta Aristotle mchangani, asisikie mlio wa makombe, ilhali mlio huo unasikika mapema kabisa katika sura.

Ikiwa baada ya hatua hizo bado umekwama, ruka uende sura ya nne. Huko saa inarudi nyuma hadi saa mbili asubuhi, wakati ule ule ilipoanza sura ya kwanza, na tunakutana na Leopold Bloom, mtu wa makamo, akiandaa kifungua kinywa na kuzungumza na paka. Sura hiyo ni nyepesi zaidi, na itakuzoesha namna Joyce anavyohama kutoka kwenye simulizi hadi kwenye fikra za mhusika bila kutia alama yoyote. Ukisha kuuzoea mtindo huo, rudi kwa Stephen.

SWALI: Nimekuta miongozo mingi ya riwaya hiyo hiyo, mingine minene kuliko riwaya za kawaida. Nichague upi?

JIBU: Jiulize kwanza unakosa nini. Kama kinachokupotea ni kisa, yaani nani yuko wapi na anafanya nini, tafuta mwongozo unaosimulia matukio hatua kwa hatua, kama ule wa Harry Blamires uliotoka mwaka 1966. Kama kisa unakifuata ila nyimbo, sala za Kikatoliki, majina ya mitaa na siasa za Ireland ndivyo vinavyokutatiza, kitabu cha tanbihi cha Don Gifford na Robert Seidman, kilichotoka mwaka 1974 na kupanuliwa mwaka 1988, kina maelfu ya maelezo mafupi yaliyopangwa kwa mfuatano wa mistari. Hicho hakisomwi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kikae pembeni, ukiendee pale tu kiu ya kujua inapokuzidi. Kwa msomaji wa mara ya kwanza ningetanguliza kitabu cha aina ya Blamires, na hizo tanbihi ningezitunza kwa ajili ya sura ya kumi na nne, ambamo Joyce anaiga mitindo ya nathari ya Kiingereza ya karne nyingi, mmoja baada ya mwingine, huku wanaume wakinywa na kubishana katika hospitali ya wazazi. Katika sura hiyo hata msomaji mkongwe huhitaji mkono.

Miongozo ya ufasiri, kama ule wa Gilbert, iwe ya mwisho. Ndani yake utakuta jedwali linaloipa karibu kila sura kiungo cha mwili, sanaa na alama yake. Kwa mfano, sura ya nne imepewa figo na ya sita imepewa moyo. Nimeona wasomaji makini wakigeuka wahesabu-figo, wakisahau kwamba mbele yao kuna mtu anayepanda ngazi kumpelekea mkewe chai kitandani, akiwa na wasiwasi mzito moyoni ambao hausemi.

Yapo pia mambo mawili ya kiutendaji ambayo husumbua bila sababu. La kwanza, miongozo huziita sura kwa majina ya Kihomeri, kama vile Telemachus, Proteus na Hades, ilhali Joyce aliyaondoa majina hayo riwaya ilipochapishwa kuwa kitabu. Ukikosa kulijua hilo utapekua nakala yako bure ukitafuta Proteus, kumbe ndiyo sura ya tatu. Chukua penseli uyaandike majina yote kumi na manane mahali pake. La pili, linganisha toleo. Tanbihi za Gifford za mwaka 1988 hufuata namba za mistari za toleo lililohaririwa na Hans Walter Gabler. Ukiwa na chapa nyingine, namba hazitapatana, nawe utaulaumu mwongozo usio na kosa.

SWALI: Miongozo hufichua yatakayotokea mbele. Je, haiondoi utamu?

JIBU: Inategemea utamu wa riwaya husika uko wapi. Katika Ulysses hauko sana katika kujua nini kitatokea, bali katika kuona vitu vidogo vikirudi. Katika sura ya tano Bloom ananunua sabuni yenye harufu ya limau, na sabuni hiyo inazunguka naye mchana kutwa, akiihamisha kutoka mfuko mmoja hadi mwingine kila inapomkera anapoketi. Mwongozo ukikutangulia na kukuorodheshea kila mahali inapotokea, umekunyang'anya furaha ya kuitambua wewe mwenyewe. Hasara hiyo ni kubwa kuliko ya kuambiwa mwisho wa kisa.

The Sound and the Fury ya William Faulkner, ya mwaka 1929, ina mahitaji tofauti. Sehemu yake ya kwanza inasimuliwa na Benjy, mtu mzima mwenye ulemavu wa akili, ambaye kwake jambo la jana na la miaka thelathini iliyopita yako katika wakati mmoja. Hapo nadhani msomaji anastahili kuambiwa mambo matatu kabla ya kuanza: kwamba wapo watu wawili wenye jina la Quentin, mjomba na mpwa wake wa kike, kwamba Benjy mwenyewe alipozaliwa aliitwa Maury, na kwamba mwandiko unapolala, yaani herufi zinapokuwa za italiki, mara nyingi wakati umeruka. Zaidi ya hayo usiambiwe kitu. Faulkner aliandika baadaye kiambatisho kuhusu familia hiyo, kilichotoka mwaka 1946, na zipo chapa zilizokiweka mwanzoni mwa kitabu. Kama chako ni mojawapo, pita, ukisome mwishoni, tena kwa tahadhari, kwa maana hakipatani na riwaya katika baadhi ya mambo, ingawa aliyekiandika ni mwandishi yule yule.

SWALI: Miongozo miwili imenipa maelezo yanayopingana kuhusu mhusika mmoja. Nimwamini nani?

JIBU: Hukumtaja mhusika, kwa hiyo nitatumia mfano maarufu. Katika sura ya sita ya Ulysses, makaburini, anatokea mtu aliyevaa koti la mvua ambaye hakuna anayemjua. Mwandishi wa gazeti anamuuliza Bloom kuhusu mtu yule. Bloom anataja koti, na mwenzake anadhani ametajiwa jina, akaandika M'Intosh katika orodha ya waombolezaji. Wahakiki wamependekeza majibu mengi kuhusu mtu huyo ni nani, na wengine wameyaandika kwa uhakika mkubwa. Riwaya yenyewe haisemi.

Tenganisha basi aina mbili za kauli. Mwongozo ukisema wimbo fulani uliimbwa enzi hizo, au mtaa fulani unaelekea baharini, hayo yanaweza kuthibitishwa. Ukisema mtu wa koti ni fulani, uombe sentensi ya riwaya inayobeba dai hilo, uifungue, uisome pamoja na ukurasa unaoitangulia na unaoifuata. Ikiwa sentensi haibebi, si lazima umchague mmoja kati ya wafasiri wako wawili. Unaweza kuendelea na swali lako likiwa wazi, kama mwandishi alivyoliacha.

SWALI: Nataka kusoma Nagona na Mzingile za Euphrase Kezilahabi, lakini sina mwongozo wowote. Nifanyeje?

JIBU: Zianze tu. Nagona ilitoka mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, na zote mbili ni fupi, hivyo kuzisoma mara mbili si mzigo. Usidai ziwe na msuko wa moja kwa moja kama wa Rosa Mistika, riwaya yake ya awali. Humu msimulizi yumo safarini, na mambo ya ndotoni, ya visasili na ya falsafa yanachanganyika bila mpaka. Tenga daftari, na kila unapomaliza sura andika ni nani aliyezungumza, palikuwa wapi, na ni kitu gani kilichorudi kutoka sura za nyuma. Usiandike maana yake bado. Ukifika mwisho utakuwa na kurasa chache za mkono wako, na hizo ndizo utakazokuwa nazo mkononi unapoanza kusoma mara ya pili. Makala za wahakiki wa Kiswahili kuhusu riwaya hizo zipo, nawe utazisoma kwa faida zaidi ukiwa tayari na daftari hilo la kuzipima.