Mwaka ulio kwenye ngao si mwaka wa ngao

SWALI: Shikamoo mzee. Babu yake mke wangu amefariki, na kwenye kopo lake la vifungo tumekuta kibamba chenye umbo la ngao, kimeshikizwa juu ya kitambaa cha kijivu kinachoelekea ukijani. Kina tai mwenye swastika, ile alama ya Wanazi, ramani, neno KRIM na miaka 1941 na 1942. Sumaku hainasi. Nyuma kuna karatasi kuukuu tu, sioni jina la kiwanda. Je, kilitengenezwa 1941? Na nani? Nataka kuibandua karatasi nione.
Msomaji, Hamburg

JIBU: Marahaba mwanangu. Karatasi hiyo usiiguse! Mimi niliwahi kuibandua ya kwangu kwa mvuke wa birika, nikitafuta jina kama wewe. Nilichokuta ni ndimi za bati zilizokunjwa, basi. Thamani ikashuka pale pale mezani.

Hiyo ni ngao ya Krimea, nishani ya askari wa Kijerumani waliopigana kwenye rasi hiyo ya Bahari Nyeusi, iliyovaliwa mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Mwaka 1941 ngao hiyo haikuwapo. Miaka iliyoandikwa ni ya vita vyenyewe. Ngao ilianzishwa tarehe 25 Julai 1942, Sevastopol, mji wa bandari wa Krimea, ukiwa umeshaanguka. Aliyepewa ni askari aliyekaa huko miezi mitatu, au aliyeshiriki pigano kubwa, au aliyejeruhiwa. Mkeo akiuliza ni heshima ya nini, mwambie pia kwamba Desemba 1941, katika eneo la jeshi hilo hilo la Ujerumani, Wayahudi wa Simferopol, mji mwingine wa Krimea, waliuawa kwa maelfu.

Sasa kitambaa. Nimeshona sare nusu ya maisha yangu, kwa hiyo jicho langu huanzia hapo. Kijivu cha ukijani ni cha jeshi la nchi kavu. Wanaanga walivaa ngao juu ya kijivu cha buluu, wanamaji juu ya buluu iliyokoza, na watu wa vifaru juu ya nyeusi. Zima taa, kisha mulika kwa taa ile ya kukagulia noti. Uzi wa kisasa hung'aa weupe kama shati lililotoka kufuliwa. Ila usihukumu haraka: kitambaa cha zamani kilichofuliwa kwa sabuni ya unga ya siku hizi nacho hung'aa. Na kisichong'aa bado kinaweza kuwa cha kughushi, maana waghushi nao wana taa.

Sumaku kutonasa hakunishtui. Nyingine zilipigwa kwa chuma, nyingine kwa zinki, na zinki hainaswi. Swastika nayo ina lake la kusema: mwaka 1957 sheria ya Ujerumani Magharibi iliruhusu nishani za vita zivaliwe tena bila alama hiyo, ndipo zikatengenezwa mpya. Kwa hiyo yako si ya 1957. Ama ni ya vita, ama ni ya mghushi.

Kuhusu kiwanda, nyingi hazikupigwa jina kabisa. Lüdenscheid, mji wa vifungo na medali, ndiko vilikokuwa viwanda vya Wilhelm Deumer na Steinhauer & Lück, na muuzaji atakutajia mmojawapo bila kupepesa jicho. Mwulize amejuaje. Kila kiwanda kilikuwa na kalibu yake, na kalibu huacha makosa yake: unyoya wa tai uliokatika, mguu wa R ulionenepa, kidonda ukingoni mwa ramani. Piga picha kubwa, mwanga uje kwa ubavu, ulinganishe na ngao ambayo historia yake inajulikana. Makosa yakifanana, zimetoka kalibu moja. Jina la kiwanda ni hatua nyingine tena.

Usiitembeze hadharani huko Hamburg. Sheria haitaki swastika ionekane. Na mwulize mama mkwe kama amebaki na kijitabu cha askari au cheti. Ngao iliandikwa humo, pamoja na kikosi chake.