Wali wa jana usirudi mezani kama wali wa jana
Umeuliza ufanye nini na wali, mboga na vipande vya kuku vinavyobaki karibu kila jioni, ilhali watoto wako hawapendi kula chakula kilekile siku mbili mfululizo. Ushauri wangu ni kukibadilisha chakula badala ya kukipasha moto tu: kaanga kitunguu na kitunguu saumu hadi vilainike, tia mboga, kisha nyama ya kuku iliyochambuliwa, na mwisho wali uliopoa, ambao punje zake hazishikamani kama za wali wa moto, halafu pasulia mayai mawili juu yake na ukoroge mpaka yaive. Pasipo kuku, maharagwe yaliyochemshwa yanatosha; mboga zilizolegea mno ni afadhali ziwe supu. Jambo nisiloweza kulilegezea ni wali wenyewe, kwa sababu kuna bakteria wanaostahimili kupikwa na kutoa sumu isiyoondolewa na moto wa pili. Uuweke kwenye friji ndani ya saa 1 baada ya kuupika, uutumie kesho yake, na uupashe mara moja tu hadi utoe mvuke kote. Chumvi uionje kwanza, maana mabaki huwa yameshaungwa.