Pai za tosta kwa ajili ya Idi: kwa nini jamu inatoroka?

SWALI

Assalamu alaikum mwanangu. Nina wajukuu wanne wanaoishi Marekani, na Idi hii wanakuja Tanga kwa mara ya kwanza. Mama yao kaniambia wanapenda sana vile vipande bapa vyenye jamu ndani vinavyopashwa kwenye tosta, Pop-Tarts, ila vile vyenye sukari ya rangi juu amewakataza kwa sababu ya jelatini, ile inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Nikamwambia nitawapikia mwenyewe, hivyo hivyo vya rangi. Nimejaribu mara mbili. Mara zote jamu imetoka pembeni ikaungulia kwenye trei, ganda la chini likabaki bichi, la juu likawa gumu kama kigae. Nilitumia majarini, unga wa ngano, maziwa kidogo na jamu ya stroberi ya dukani. Oveni yangu ni ile ndogo ya umeme ya kukaa mezani. Sambusa zangu hazijawahi kufumuka hata moja, sasa hapa nimeshindwa nini?

Bibi wa wanne, Tanga

JIBU

Wa alaikum salaam, bibi, na shikamoo.

Mkono wako hauna kosa. Mtu ambaye sambusa zake hazifumuki anajua kufunga. Kilichokuangusha ni maji, na kwenye pai zako yalikuwa yamejificha sehemu mbili: ndani ya jamu na ndani ya majarini.

Sambusa inaingia kwenye mafuta yaliyokwisha kupata moto, dakika chache imeiva, na nyama yake uliikausha kabla ya kuijaza. Pai inakaa ndani ya oveni karibu nusu saa. Jamu ya chupa inasimama vizuri kwenye kijiko, lakini ikipata moto wa kuchemka inalegea ikawa kama shira ya kaimati. Halafu maji yake yanageuka mvuke, na mvuke unataka nafasi zaidi ya mara elfu ya ile ambayo maji yalikuwa yameikalia. Usipoutobolea tundu utajitobolea wenyewe, na sehemu dhaifu ni ukingo. Viwandani wanatumia jamu iliyotengenezwa makusudi kuhimili moto. Sisi tunaiiga kwa konflawa.

Chukua jamu gramu 250. Koroga kijiko kikubwa kimoja cha konflawa na kijiko kikubwa kimoja cha maji baridi hadi mabonge yaishe, kisha mimina kwenye jamu na ubandike kwenye moto mdogo huku unakoroga. Ikianza kutoa mapovu, hesabu dakika mbili kamili. Watu wengi wanaipua hapo hapo inapoanza kuwa nzito, na huko ni kuharakisha: sukari nyingi inagombania maji na wanga, kwa hiyo wanga unachelewa kuvimba. Dondoshea kidogo kwenye sahani baridi, pitisha kidole katikati. Njia ya kidole ikibaki wazi, imekuwa. Ikijifunga, rudisha motoni. Ukipenda ndimu, ikamulie baada ya kuipua, kwani ukali wake ukichemka muda mrefu na konflawa unaivunja nguvu.

Kisha iache ipoe kabisa. Narudia kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kulipuuza hili. Nilikuwa na oda ya harusi, muda umenibana, nikaijaza jamu ikiwa bado vuguvugu. Siagi ikayeyuka kabla trei haijafika kwenye oveni, na nilichokitoa baadaye kilikuwa bamba moja la unga lenye madimbwi mekundu. Nilianza upya usiku wa manane.

Sasa ganda. Majarini laini ya kupaka mkate mara nyingi ina mafuta machache na maji mengi, na maji yakikandwa na unga yanazaa ugumu ule wa kigae ulioulalamikia. Geuza kopo usome: kama mafuta hayafiki asilimia 80, haifai kwa kazi hii. Tumia siagi. Najua utafikiria samli, maana ndiyo inayotengeneza vileja vitamu, lakini samli haina maji kabisa, kwa hiyo ganda litamung'unyuka kama kileja badala ya kutoa tabaka. Siagi ina maji kidogo tu, na hayo yakigeuka mvuke katikati ya mafuta ndiyo yanayoinua tabaka. Maji yale yale yaliyokuharibia kwenye jamu hapa yanakufanyia kazi, mradi siagi iingie kwenye oveni ikiwa bado vipande na bado baridi.

Na hapo ndipo Tanga inapokuwa ngumu kuliko Marekani. Siagi inaanza kulegea kwenye nyuzi 20 hivi, na ikifika 32 hadi 35 inayeyuka. Jiko lako mchana linafika huko bila taabu. Kwa hiyo fanya kazi hii usiku baada ya tarawehe, feni ikiwa imezimwa ili unga usiruke, madirisha wazi. Tena usiku unaweza kuonja bila wasiwasi wa funga, na jamu isiyoonjwa mimi siiamini.

Vipimo vya pai tisa ni hivi: unga wa ngano gramu 300, siagi gramu 200, sukari kijiko kikubwa kimoja, chumvi nusu kijiko cha chai, yai moja, na maziwa baridi vijiko vikubwa viwili. Kama huna mizani, unga huo ni vikombe viwili na nusu vya kupimia, umechotwa bila kushindiliwa. Gandisha siagi kwenye friza saa nzima, kisha ikwangue kwa kile kikwaruzo cha karoti moja kwa moja juu ya unga uliochanganywa na sukari na chumvi. Chezesha kwa ncha za vidole, usiponde. Piga yai na maziwa, nyunyiza, kusanya donge. Likikubali kushikana ukilibana kiganjani, acha hapo hapo. Huu si unga wa chapati, bibi. Hautaki kukandwa, na kadiri unavyoukanda ndivyo unavyokuwa mgumu. Lipapase liwe bapa, lifunge kwenye nailoni, liweke kwenye friji saa moja.

Sukuma kwa kifimbo na kibao chako cha chapati, unene wa milimita 3. Kata kwa rula mistatili ya sentimita 8 kwa 11. Rula inaonekana kama madaha, lakini vipande viwili visivyolingana ndiyo mwanzo wa ukingo unaoachia. Vipande vikianza kulegea, virudishe kwenye friji dakika kumi. Hata kazini kwangu, penye kiyoyozi, tunavirudisha.

Kwenye kipande cha chini paka yai lililopigwa kuzunguka ukingo, upana wa sentimita moja na nusu. Ile gundi yako ya unga na maji ni nzuri kwa sambusa, lakini hapa tumia yai, kwa kuwa yai likipata moto linaganda na kushikilia pande zote mbili. Katikati weka kijiko kikubwa kimoja cha jamu ukitandaze bapa hadi kwenye mpaka wa yai. Usirundike. Najua mkono wa bibi unataka kuongeza kwa ajili ya wajukuu, uzuie. Funika, bonyeza kwa vidole kuanzia jamu kwenda nje ili hewa itoke, halafu bana ukingo wote kwa uma. Kisha toboa kipande cha juu kwa uma mara sita au saba. Cha juu peke yake, usizamishe hadi chini. Hayo matundu ndiyo mlango wa mvuke, na nadhani pai zako mbili za kwanza hazikuwa nayo, kwani hukuyataja.

Weka trei ya pai kwenye friza dakika 30 kabla ya kuoka.

Kuhusu oveni yako ndogo: nyaya zake za juu ziko karibu mno na chakula, na trei yake ni baridi inapoingia. Ndiyo maana juu kunakuwa kigae na chini kunabaki bichi. Washa juu na chini, nyuzi 190, dakika 20 kabla, na trei tupu ikiwa ndani kwenye ngazi ya chini kabisa. Pai zako zilizoganda ziwe juu ya karatasi ya kuokea. Ukiwa tayari, vuta ile trei ya moto na utelezeshee karatasi juu yake. Ganda la chini linaanza kuiva papo hapo, kabla jamu haijapata nafasi ya kulilowesha. Acha sentimita 3 kati ya pai na pai, hata kama zitaingia nne tu kwa mara moja. Zitachukua dakika 25 hivi. Zikipiga wekundu wa kahawia kwenye dakika ya 15, oveni yako inadanganya namba. Punguza nyuzi 20 na uzifunike kwa karatasi ya foili. Inua moja kwa kisu uangalie tumbo lake: liwe kahawia na kavu, lisiwe na rangi ya unga.

Aisingi, yaani ile sukari ya rangi ya juu. Mkweo au binti yako, yeyote aliyewakataza, ana hoja: Pop-Tarts zenye aisingi zinazouzwa Marekani zina jelatini ya ng'ombe, na kwenye boksi huwezi kujua ng'ombe huyo alichinjwaje. Nyumbani jelatini haina kazi yoyote. Sukari ya unga gramu 150 na kijiko kikubwa kimoja cha maziwa, koroga, ongeza tone kwa tone hadi inamiminika taratibu kama uji mzito. Ukitaka ile rangi ya waridi, badala ya maziwa tumia rosela uliyoichemsha ikawa nzito. Inatoa rangi nzuri na uchachu unaokata utamu. Chembe za rangi za kunyunyizia soma paketi zake pia, nyingine zina jelatini hiyo hiyo. Paka pai zikiwa zimepoa kabisa, la sivyo itachuruzika yote kwenye kibao. Na kwa unyevu wa Tanga aisingi haikauki ikawa ngumu kama kwao, hubaki inanata kidogo, kwa hiyo paka asubuhi hiyo hiyo ya kuliwa na usizipange moja juu ya nyingine.

Sasa ombi langu kubwa: hizi usiziweke kwenye tosta. Za kiwandani ni kavu, nyembamba na ngumu makusudi. Watu wa kampuni ya Kellogg's walipoziingiza sokoni mwaka 1964, wakianzia mji wa Cleveland huko Marekani, zilikuwa hazina aisingi kabisa. Yenye aisingi ilikuja 1967, walipokuwa na uhakika kwamba haitayeyukia ndani ya mashine. Yako imejaa siagi. Itakatika ukiitoa, mafuta na makombo yataangukia kwenye waya mwekundu, na moto wa tosta si wa kuchezea watoto wakiwa wamezunguka meza. Zipashe kwenye kikaangio kikavu chenye kifuniko, moto mdogo kabisa, dakika mbili kila upande, kabla ya kupaka aisingi. Na waambie wasubiri: jamu ya moto inaunguza ulimi hata ganda likiwa limekwisha kupoa.

Ukipenda, trei moja ijaze tende badala ya jamu. Tende laini iliyotolewa kokwa, ikapondwa na siagi kidogo na hiliki, haivuji hata uiache nusu saa, maana maji yake ni machache. Watoto huenda wakaing'ang'ania stroberi yao, lakini wakubwa watakaokuja kukupa mkono wa Idi watamaliza hizo za tende kwanza.

Kwa idadi, zidisha vipimo mara tatu upate pai 27, lakini changanya kila donge peke yake. Donge kubwa linapata joto kabla hujamaliza kulikusanya. Tengeneza kumi la mwisho likianza, usioke, zigandishe kwenye trei kisha zifunge kwenye mfuko usioingiza hewa. Zinakaa mwezi bila shida. Hapo hata mwezi ukiandama ishirini na tisa ghafla hutakimbizana na mtu: unazitoa friza, unazipeleka kwenye oveni zikiwa bado zimeganda, unaongeza dakika tano juu ya zile 25. Za kwanza zitakuwa tayari wanaume wakiwa bado wanarudi kutoka kuswali.