Stesheni wagoni ya petroli yenye mbio: namna ya kuikagua kabla ya kuinunulia familia

Stesheni wagoni yenye mbio huchoka mara mbili. Mbele imekanyagwa mafuta na mtu aliyeinunua kwa ajili ya injini; nyuma imebebeshwa viti vya watoto, baiskeli, mizigo ya safari na pengine mbwa. Wanunuzi wengi hukagua upande mmoja tu. Mpenda mbio akishafunga boneti hana swali tena, na mzazi akiona buti kubwa hasikilizi injini. Pande zote mbili zikaguliwe, na ubovu wa upande wowote utoshe kuliacha gari.

Anza na familia, kwa kuwa hapo gari hukataliwa bila kumlipa fundi. Nenda na viti vya watoto vyenyewe, wala usitegemee vipimo vya kwenye karatasi. Magari mengi ya aina hii yana nanga za ISOFIX (vishikizo vya chuma vya kufungia kiti cha mtoto) kwenye viti viwili tu vya pembeni, nyuma. Mwenye watoto watatu wadogo avifunge viti vyote vitatu papo hapo mbele ya muuzaji, maana cha katikati mara nyingi huwa chembamba, kimeinuka, na mhimili wa giaboksi umepita chini yake. Kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma hula nafasi ya aliyekaa mbele, kwa hiyo kifunge kwanza, kisha yule mrefu wenu akae mbele yake na kuangalia magoti yake.

Ukubwa wa buti unatofautiana kuliko watu wanavyodhani. Škoda Octavia ya kizazi cha tatu ina lita 610. BMW 3 Series ya F31 ina 495, na Audi A4 Avant ya B8 ina 490 (F31 na B8 ni majina ya kiwanda ya vizazi vya magari hayo). Pengo hilo linatosha kuamua kama kigari cha mtoto kitaingia pamoja na masanduku au itabidi mchague kimoja. Lita hizo hazisemi lolote kuhusu mteremko wa kioo cha nyuma, ambao hunyima nafasi vitu virefu vya wima. Beba kigari chenu mkakijaribu. Halafu inua zulia la buti uone kama kuna tairi la akiba. Matoleo ya mbio mengi yana chupa ya dawa ya kuzibia na kijipampu tu, na dawa hiyo haisaidii tairi likipasuka ubavuni.

Sasa injini. Kila familia ya injini ina ugonjwa wake, na muuzaji anayelijua gari lake ataujua. Muulize uone.

Kwenye Octavia RS, Golf R Variant na Audi zenye lita 2.0 za turbo, injini kwa kawaida ni ile inayoitwa EA888. Vizazi vya kwanza na cha pili vilisumbuliwa na kikaza cheni ya taimingi: kikilegea, cheni huruka meno na valvu hugongana na pistoni. Audi A4 nyingi za kizazi cha pili cha injini hiyo hula oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Kizazi cha tatu ni bora zaidi, ila nyumba ya plastiki ya thamostati na pampu ya maji huvuja. Tafuta madoa makavu ya kulanti (maji ya kupozea injini) upande huo wa injini, kwa tochi.

BMW za silinda sita zenye injini za N52, N54 na N55 zina pampu ya maji ya umeme. Hufa ghafla, mara nyingi bila kuvuja kwanza, na injini hupanda joto mkiwa barabarani. Gari likishapita kilomita 100,000 na hakuna risiti ya pampu hiyo, ihesabu kuwa ni kazi inayokungoja. N54 ya turbo mbili huongeza pampu ya petroli ya presha kubwa na nozeli, na vyote viwili ni ghali. N20 ya silinda nne ina reli za plastiki za cheni zinazovunjika. Zile za kabla ya 2015 ndizo za kuogopa zaidi. B58 ya 340i ndiyo tungeichagua ya kwanza kwa familia inayoimudu: ina nguvu nyingi na magonjwa machache.

Audi S4 Avant ya V8, iliyouzwa miaka ya 2003 hadi 2008, ina sauti tamu sana. Cheni zake ziko nyuma ya injini na zinaongozwa na reli za plastiki. Kuzifikia ni lazima injini itolewe. Kazi hiyo inaweza kuzidi thamani ya gari. Kama hakuna ushahidi kwamba imeshafanyika, liache, hata bei ikushawishi vipi.

Kwa Wajapani, Subaru Legacy GT ya 2003 hadi 2009 ni gari la familia linalopendeza kuendesha, lenye mkanda wa taimingi wa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Hatari yake ni turbo kukosa oili. Kwenye bomba jembamba linalopeleka oili huko, baadhi ya matoleo yana kichujio kidogo cha wavu ndani ya bolti. Oili ikicheleweshwa kubadilishwa, masizi huziba wavu huo, turbo hukauka, na vipande vyake vya chuma vinaweza kurudi kwenye injini. Kwa hiyo kwenye Legacy turbo, risiti za oili zina uzito kuliko idadi ya kilomita. Toyota Caldina ya 3S-GTE na Mark II Blit ya 1JZ-GTE zina injini ngumu zaidi, pia za mkanda, lakini umri umezila mpira: paipu za vakyumu, bushi, mihuri ya shafti. Kingine cha kukumbuka ni kwamba turbo za soko la Japani zilitengenezewa petroli ya okteni ya juu, ya 98 hadi 100. Ukizijazia ya chini, injini hugonga ndani hasa gari likiwa limejaa watu na linapanda mlima. Kompyuta hurudisha nyuma taimingi ili kuilinda, na nguvu uliyoilipia haipatikani. Kama petroli hiyo hamuipati kwa urahisi, chagua gari jingine.

Injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda zina tatizo lao la pamoja. Petroli haipiti tena kwenye valvu za kuingizia hewa, kwa hiyo haizisafishi, na mvuke wa oili huganda juu yake kuwa masizi magumu. Dalili ni injini kutetemeka ikiwa ya baridi, kumisi, na kuchelewa kuitikia. Dawa ni kufungua manifoldi ya hewa na kuzisafisha kwa kupuliza chembe za maganda ya jozi. Viongeza vya kumimina kwenye tangi havifiki hapo kabisa.

Ukaguzi wenyewe ufanyike injini ikiwa baridi. Mwambie muuzaji mapema asiliwashe gari, na ukifika gusa boneti. Likiwa na joto, omba kurudi siku nyingine. Vuta kijiti cha oili (BMW nyingi hazina, husomwa kwenye skrini). Oili nyeusi si hoja. Oili iliyo chini ya alama ni hoja, yenye harufu kali ya petroli ni hoja, na yenye rangi ya chai ya maziwa imalize mazungumzo. Fungua chupa ya kulanti utazame kama kuna utando wa mafuta juu. Kisha simama mbele ya gari mwenzako aliwashe. Mngurumo wa minyororo kwa sekunde mbili au tatu za mwanzo ni cheni au kikaza chake. Acha liungurume dakika kumi, kisha lipigwe resi moja: moshi wa bluu hapo mara nyingi ni mihuri ya valvu, na moshi wa bluu unaotoka gari likivuta kwa nguvu barabarani ni turbo au ringi. Moshi mweupe usioisha injini ikishapata joto, wenye harufu tamu, ni kulanti inayoungua.

Unganisha mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Usitafute hitilafu zilizoandikwa tu. Angalia pia kama vipimo vya ndani vya kompyuta vimekamilika. Vikiwa bado havijakamilika, inawezekana mtu amefuta makosa siku chache zilizopita. Marekebisho ya muda mrefu ya petroli (kiasi ambacho kompyuta huongeza au kupunguza petroli) yakizidi asilimia 10 kwenda juu au chini, kuna hewa inayovuja, sensa mbovu au nozeli zilizochoka. Fundi akiweza kupima kompresheni, tofauti kati ya silinda na silinda isizidi asilimia 10 hadi 15.

Magari haya huongezwa nguvu sana, na hapo ndipo familia huumia zaidi. Programu ya kompyuta iliyobadilishwa huipa klachi, giaboksi na pistoni mzigo ambao hazikuutegemea, na mwenye gari anaweza kurudisha programu ya kiwanda usiku mmoja kabla ya kuuza. Alama hubaki: vibano vipya vinavyong'aa kwenye paipu za turbo, bolti za eksozi zilizofunguliwa, boksi la hewa lisilo la kiwanda, waya wa geji uliokatwa ukaachwa nyuma ya dashibodi. Gari ambalo halijaguswa lina thamani kuliko lenye farasi 50 za ziada.

Barabarani, omba angalau nusu saa, na mchanganyiko wa foleni na mwendo wa kasi. Giaboksi ya DSG (ya klachi mbili, ya magari ya kundi la Volkswagen) yenye gia sita na klachi za ndani ya oili huhitaji oili mpya na kichujio kila kilomita 60,000. Isipofanyiwa hivyo hutetemeka gari likianza kutambaa na hugonga ikishuka kutoka gia ya pili kwenda ya kwanza. Otomatiki ya gia nane ya kampuni ya ZF ni imara. Watengenezaji wa magari huiita oili yake ya maisha yote, ilhali ZF wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Kwa gari linalosukuma magurudumu yote manne, kata usukani hadi mwisho mahali pa wazi na uzunguke polepole. Likirukaruka na kusuasua kama limefungwa kamba, kiunganishi cha kati (kinachogawa nguvu mbele na nyuma) au difu kina tatizo. Kisha linganisha tairi zote nne. Subaru hutaka tofauti ya mzunguko isizidi milimita 6, yaani tairi mbili mpya mbele na mbili zilizoisha nyuma zinatosha kuua kiunganishi cha kati taratibu. Namba nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Breki za matoleo haya ni kubwa, na diski zake ni ghali vilevile. Unene wa mwisho unaoruhusiwa huandikwa kwenye diski yenyewe. Pima kwa kalipa ya kupimia unene, usikadirie kwa macho.

Rudi nyuma ya gari, na hapa usiharakishe. Mlango wa buti hufunguliwa kila siku, na waya zinazopita kwenye bawaba yake hukatika ndani ya mpira bila kuonekana. Jaribu waipa ya nyuma, maji yake, taa za namba, kufuli na kifuta ukungu cha kioo, moja moja, huku ukiupandisha na kuushusha mlango. Inua sakafu yote ya buti. Bati lililokunjamana au gundi isiyo sawa na ya upande wa pili ni ajali ya nyuma. Maji au kutu shimoni humaanisha mpira wa mlango umechoka, au mifereji ya sanrufu imeziba. Kwenye BMW 5 Series ya E61 maji hayo hufika kwenye visanduku vya umeme vilivyo huko nyuma. Gari hilohilo lina mito ya hewa badala ya springi za nyuma, inayopasuka kwa uzee. Liegeshe usiku, asubuhi tazama kama nyuma imelala.

Kama una kipima rangi, rangi ya kiwanda kwa kawaida huwa kati ya maikroni 80 na 150. Ikivuka 300, chini yake pengine kuna puti. Kwa gari lililotoka mnadani Japani, omba karatasi halisi ya mnada. Daraja la R au RA ni gari lililowahi kurekebishwa baada ya kugongwa, na hilo lionekane kwenye bei.

Usitumie fedha yote kununua. Weka pembeni asilimia 15 ya bei, au zaidi kwa injini ya silinda sita, na uitumie mapema: oili ya injini yenye kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, plagi, oili ya giaboksi, ya difu na ya kiunganishi cha Haldex (kinachopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma) kama kipo, majimaji ya breki, kulanti, na mkanda wa taimingi kama hakuna risiti yenye tarehe na kilomita. Baada ya hapo oili ya injini ya turbo ibadilishwe kila kilomita 8,000 hivi, hata kama kompyuta inakuonyesha 25,000.

Kwa kilomita 1,000 za kwanza, pima oili kila unapojaza tangi na uandike. Vitabu vya baadhi ya magari ya Kijerumani huvumilia hadi nusu lita kwa kilomita 1,000. Ikifika hapo, anza kwa kubadilisha valvu ya mvuke wa injini, kwa kuwa ni kazi ndogo na huweza kuwa ndiyo chanzo. Oili ikiendelea kushuka baada ya hapo, pima kompresheni kabla ya kukubali maneno ya turbo mpya.